Mama wa Bule apewe saa yake ya sala

Mwanzoni mwa Julai, shule zinapofungwa kote Kongo, mama wa Bule, kijiji cha Djugu huku Ituri, huingia katika majira magumu kuliko yote ya mwaka. Watoto waliokuwa mikononi mwa walimu wanarudi nyumbani kwa takriban miezi miwili, hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kalenda ya shule ni moja kwa nchi nzima, ila mvua haifuati kalenda hiyo. Kinshasa, Julai na Agosti ni miezi mikavu, hewa ni ya baridi kidogo, na anayepumzika anapumzika kweli. Huku kwenye vilima vya Djugu mvua bado inanyesha, mahindi na maharagwe ya msimu wa kwanza yanangoja kuvunwa, na kabla Agosti haijaisha shamba linataka kulimwa tena kwa ajili ya msimu wa pili. Ukavu wetu huja Desemba na kukaa hadi Februari. Kwa hiyo likizo kubwa humkuta mama wa Bule kazi zikiwa zimepamba moto, na ni miezi hiyohiyo ambayo makanisa humtaka awafundishe watoto kusali, awapeleke katekesi na kwaya, na yeye mwenyewe asikose semina ya akina mama. Nasema kwamba imani ya watoto wakati wa likizo hujengwa nyumbani, jioni, mama akiwa nao. Na saa hiyo ya jioni haiji kwa kuhubiriwa. Inapatikana pale tu mtu mwingine anapompokea mama mtungi, kuni na jembe.

Kwamba nyumba ni mahali pa kwanza pa imani, hakuna kanisa la Ituri linalobisha. Paulo, akimwandikia Timotheo, aliitaja imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, bila kutaja jengo lolote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiona familia kuwa namna ya kanisa la nyumbani, na sinodi ya maaskofu kuhusu Afrika ya mwaka 1994 ikalichukua jina la familia ya Mungu kuwa sura ya Kanisa zima barani. Waprotestanti wa kanisa la CECA 20, ambao mizizi yao ni misheni ya Africa Inland Mission iliyoingia Kongo mwaka 1912, nao wamelelewa katika kusoma Biblia nyumbani. Mafundisho basi hayana upungufu. Upungufu uko kwenye ratiba. Karibu kila kinachopangwa kwa ajili ya likizo hufanyika uwanjani pa parokia au pa kanisa: mazoezi ya kwaya, kambi za vijana, mikutano ya vyama, mikesha. Kila shughuli ina sababu yake njema, na kila shughuli inamtoa mtu nyumbani au inamwongezea mama mzigo wa kupika, kufua na kusindikiza. Nyumba tunayoisifu kwenye mahubiri inabaki na saa zilizosalia baada ya mambo yote, na aghalabu hazisalii.

Tuzitazame saa zenyewe. Alfajiri ni maji. Kisimani kuna foleni ya bidoni, na anayechelewa anachota matope. Baada ya maji ni shamba, na mwezi Julai shamba halina huruma, kwa kuwa maharagwe yaliyokomaa yakipigwa na mvua yanaota yakiwa bado kwenye maganda. Mchana kuna kuni za kutafuta, mahindi ya kuanika na kuanua kila wingu linapotanda. Jioni ni sombe ya kutwanga na kuchemsha muda mrefu, bugali wa kusonga, watoto wa kuogesha. Likizo huongeza midomo mchana, maana walaji wote wako nyumbani. Kweli, huongeza pia mikono, na hapa ndipo utajiri wa miezi hii unapofichika. Mtoto anayepura maharagwe karibu na mama yake kwa saa mbili yuko mahali pazuri pa kuuliza maswali ambayo haulizi mbele ya katekista: mbona mvua ilichelewa, mbona jirani alifiwa, Mungu yuko wapi usiku bunduki zinapolia. Anamwona mama akitenga kibaba cha mazao ya kwanza kwa ajili ya kanisa na kingine kwa ajili ya mjane wa jirani. Anaujua wimbo kabla hajajua maana yake. Hakuna darasa la Jumapili linaloweza kuyafanya haya, kwa sababu darasa la Jumapili halina maharagwe ya kugawa. Lakini maswali ya namna hiyo yanataka mtu ambaye hajachoka kupita kiasi. Mama aliyetembea tangu alfajiri atajibu kwa neno moja, na saa ya sala ikifika atakuwa amesinzia pale jikoni, mtoto mchanga mgongoni.

Na Bule si kijiji chochote tu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 wapiganaji wa kundi lenye silaha la CODECO waliivamia kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule, wakawaua zaidi ya watu 60, watu waliokuwa tayari wamekimbia makwao. Tarehe 12 Juni 2023 ilikuwa zamu ya kambi ya Lala, nayo si mbali na Bule. Zaidi ya 40 waliuawa, watoto wengi miongoni mwao, wiki chache tu kabla ya likizo kuanza. Yote mawili yalitokea ilhali hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilikuwa imekwisha kutangazwa Ituri tangu Mei 2021. Kwa mama, ukosefu huu wa usalama maana yake ni kwamba kila saa niliyoitaja hapo juu inakuwa ndefu zaidi. Haendi shambani peke yake. Anangoja wenzake waende kundi na kurudi kundi, mapema, kabla ya giza. Wengine wanalima kipande kidogo cha kukodi kwa sababu shamba la ukoo liko mahali pasipofikika. Aliye kambini, chini ya bache, yaani turubai, hana ua wa kuanikia wala ukuta wa kumtenga na kelele za jirani anapotaka kusali na wanawe. Watu wanaosema akina mama wa siku hizi wamelegea katika sala wangepaswa kwanza kuzihesabu hatua zao.

Kuna pia jambo la vijana wa kiume, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalofanya hoja hii isingoje. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure, lakini sekondari bado inalipiwa. Kijana wa miaka 14 au 15 anajua mnamo Julai kwamba Septemba ataulizwa pesa. Dhahabu iko Mongbwalu na kwenye mashimo mengine ya Djugu, na makundi yenye silaha yapo pande zote, yakitafuta vijana wasio na kazi. Sala ya jioni pekee haiwezi kumzuia kijana asiende shimoni, na kusema hivyo kungekuwa kuwadanganya wazazi. Inachofanya ni kumpa sababu ya kurudi nyumbani kila siku saa fulani, mahali ambapo kutokuwepo kwake kutaonekana usiku huohuo. Mama anayekusanya watu wake kila jioni anajua nani hayupo, anajua ni mwenzake gani aliyemshawishi, na anaweza kumtuma mjomba kabla mambo hayajaharibika.

Wako watakaosema kwamba kambi na vyama vya watoto vinatoa kile ambacho nyumba haiwezi: marafiki wa vijiji vingine, nidhamu, furaha ya kuimba watu wengi. Ni kweli, na sitaki kambi zifutwe. Mtoto wa Bule anastahili kuliona Kanisa likiwa kubwa kuliko ua wa kwao. Lakini kambi ni ya siku chache, na likizo ni ya wiki nane au tisa. Tena, yaliyotokea Komanda, humuhumu Ituri, yametufunza kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, katikati ya likizo, waumini wakiwa katika mkesha wa jubilei ya chama cha Croisade Eucharistique kwenye parokia ya Mwenye Heri Anuarite, wapiganaji wa kundi lenye silaha la ADF waliwavamia na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto. Lawama yote ni ya wauaji, na wazazi waliowaruhusu watoto wao kwenda kusali hawana cha kujutia. Hata hivyo viongozi wa makanisa wanaporatibu likizo zijazo, wana wajibu wa kuuliza ni mikusanyiko ipi ya usiku inayoweza kufanywa mchana, na ipi inayoweza kugawanywa katika jumuiya ndogondogo, nyumba kumi kwa kumi. Katika pwani ya Waswahili na visiwani, chuo cha Kurani cha mtaani kimedumu vizazi vingi kwa sababu kiko karibu. Mtoto anakwenda na kurudi kwa miguu, na mama haachi kazi yake. Ukaribu huo ndio tunaoukosa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanawake wenyewe. Wanasema: mnamrundikia mama kila kitu, chakula, usalama, pesa za shule, na sasa roho za watoto pia. Wana haki ya kusema hivyo, na hoja yoyote inayoishia kwenye kumsifu mama kwa uvumilivu wake inastahili kukataliwa. Ndiyo maana nasisitiza kugawana kazi. Baba aliyeko nyumbani anaweza kubeba bidoni mbili za maji alfajiri. Hakuna amri ya kanisa wala mila inayomkataza, isipokuwa aibu, na aibu ni jambo ambalo mchungaji anaweza kulisema waziwazi madhabahuni. Wavulana waliozoea kwamba kutwanga sombe ni kazi ya dada yao wanaweza kufundishwa vinginevyo katika likizo hiihii. Pale ambapo baba ameuawa au amekwenda machimboni, jumuiya ndogo iwe na zamu ya kuvuna: Jumamosi moja kwa mjane, inayofuata kwa mwingine. Vijana wa kwaya wana nguvu, na wimbo unaimbika vizuri shambani.

Wengine watauliza kama ni haki kuzungumzia sala mahali ambapo watu hawana chakula cha kutosha. Ningewaelewa kama akina mama wa kambini wangekuwa wamesema hivyo. Lakini wao, wakifika mahali papya, husimamisha bache la kusalia kabla hata kambi haijapata utaratibu, na hukusanyika humo bila kuitwa. Hawatenganishi mambo hayo mawili. Wanaosaidia ndio wanaoyatenganisha. Mashirika yanayochimba visima na kugawa majiko yanayookoa kuni hupima faida kwa lita na kwa magonjwa yaliyopungua, na vipimo hivyo ni halali. Makanisa yanayokaa meza moja nayo yangeweza kuongeza kipimo kingine bila kuona haya: saa ngapi mama amerudishiwa, na amezitumiaje.

Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi nchini mwetu, asubuhi watu huenda kusafisha makaburi na mchana husherehekea wazazi walio hai. Familia nyingi za Bule makaburi yao yako mahali ambapo hazithubutu kufika. Maparokia ya Drodro na makanisa jirani yangeanzia hapo mwaka huu: siku hiyo kusiwe na semina, kusiwe na mkutano wa chama wala mazoezi ya kwaya. Wanaume na vijana wachote maji na kupika. Mama akae na watoto, wayataje majina ya waliokufa mmoja mmoja, aeleze kila mmoja alikuwa nani na alizikwa wapi. Wiki inayofuata katekista apite nyumba hadi nyumba aulize ilikwendaje, na aandike ni familia zipi zilikosa mtu wa kuchota maji, ili zamu ya Agosti iliyobaki ianze na hizo.