Dirisha la Ubalozi na Kalamu ya Karani



Mwanzoni mwa mwezi uliopita tulimsindikiza mwenzetu mmoja, karani wa idara ambayo hatutaitaja, hata mlangoni pa ubalozi wa nchi moja ya Ulaya. Alikuwa amepata nafasi ya masomo ya miaka miwili, mwajiri wake amekwisha kumruhusu, na lililobaki ni ruhusa ya kukaa katika nchi ile. Aliingia saa mbili u nusu ya asubuhi, bahasha nene kwapani. Akatoka kabla ya saa nne na bahasha ile ile, uso umembadilika. Hakukataliwa. Aliambiwa arudi siku nyingine, kwa kuwa katika cheti cha kuzaliwa jina la baba yake limeandikwa Athumani, katika cheti cha shule Othman, na katika pasi ya safari Athuman. Na hiyo siku nyingine, alipoitafuta, ilikuwa baada ya majuma saba, na masomo yalikuwa yaanze baada ya matano.

Khabari hii ilipofika chamani wengi walikasirika, wakasema kwamba watu wale hawatutaki, na karatasi ni kisingizio tu. Sisi tulinyamaza siku ile, walakini hatukubaliani nao sawasawa, na leo twaomba nafasi katika ukurasa huu tueleze kwa nini.

Nchi yo yote ina haki ya kuuliza ni nani aingiaye nyumbani mwake. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya kazi za makonseli wataja wazi kwamba kutoa viza ni moja ya kazi zao, tena wawaruhusu kutoza ada. Nasi twawauliza vivyo hivyo wageni wajao kwetu. Basi hatuna ugomvi na swali lenyewe.

Tena wanachama wengi huchanganya mambo mawili. Viza ya Schengen, ambayo tangu tarehe 11 Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Hiyo ni ya matembezi na mikutano. Mwenye kwenda kusoma mwaka mzima haimfai, wala asidhani ya kuwa atafika nayo na kuibadili huko. Tutwae mfano wa Ujerumani. Mtu wetu aendaye kukaa kule hana budi kupata viza ya taifa kabla hajaondoka, ada yake euro 75. Akisha fika na kuandikisha makao yake, huenda katika afisi ya wageni ya mji ule, na huko ndiko apewako hati yenyewe ya ukaazi. Mwanafunzi yampasa kuonyesha fedha za kumtosha: tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na wengi huziweka katika hesabu ya benki iliyofungwa, itoayo sehemu yake mwezi kwa mwezi. (Hiyo ni mishahara ya miaka mingapi, kila karani na apige hesabu yake mwenyewe.) Kwa Uingereza kuna jambo jingine liwashtualo watu: atokaye Tanzania au Kenya kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hutakiwa cheti cha kupimwa kifua kikuu, na cheti hicho hudumu miezi 6 tu, hata mwenye haraka ya kupima aweza kulipa mara mbili.

Ila liko jambo moja lenye uchungu, nasi hatulifichi. Mtu wa Marekani, wa Japani, wa Kanada au wa Australia aruhusiwa kuingia Ujerumani bila viza na kuiomba hati ya ukaazi akiwa huko huko. Mtu huyo akikosa karatasi moja huirekebisha huku anakwenda darasani. Mtu wetu akikosa karatasi hiyo hiyo, naye ametoka Mbeya kwa basi mpaka Dar es Salaam, hupoteza nauli, hupoteza siku za likizo, na huenda akapoteza masomo yenyewe. Kosa ni moja, walakini adhabu si moja.

Sasa na turudi kwa mwenzetu. Tuliona yafaa kuuliza, je, hao Athumani watatu walitoka wapi? Cheti cha kuzaliwa kilijazwa wilayani na karani aliyeandika kama alivyosikia, akatia na irabu mwishoni kama tutamkavyo. Cheti cha shule kiliandikwa na mwalimu aliyejua kwamba jina hilo ni la Kiarabu, akaona afadhali alinyoshe. Na mwandishi wa pasi alifuata karatasi ya tatu ambayo hata mwenyewe haikumbuki. Wote watatu walikuwa watu wa serikali, yaani wenzetu. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeshika kalamu ile.

Hili ndilo linalotusumbua usingizini. Ni wangapi kati yetu wameandika Mohamedi mahali pa Muhammad, au wamemwita Yohana yule aliyebatizwa John, au wamempa mtu tarehe 1 Januari kwa kuwa mama yake alikumbuka msimu wa mvua tu? Twasema, ni herufi moja. Baada ya miaka 25 herufi ile husimama dirishani mbele ya mtu asiyejua lugha yetu wala matamshi yetu, ambaye kazi yake ni kuthibitisha kwamba karatasi hizi zote ni za mtu mmoja, naye hawezi kuthibitisha.

Na sisi tukiwa upande wa ndani wa dirisha letu, twafanyaje? Mjane huja kudai mafao ya marehemu mumewe, jina la cheti cha ndoa halilingani na la jalada, nasi twamwambia bila kuinua macho, nenda kalete hati ya kiapo. Hurudi kijijini, akarudi tena, na nauli ni ya mkopo. Hatujapata kusikia mwanachama akimwita karani huyo mbaguzi. Twasema amefuata kanuni.

Kwa mabalozi tuna maombi mawili tu. Orodha ya karatasi itakiwayo iandikwe na kwa Kiswahili, ili mzazi aliyelipa ada aisome mwenyewe. Na mtu aliyepungukiwa karatasi moja aruhusiwe kuileta bila kutafuta miadi mpya. Foleni hizi ndizo ziwalishazo wale vijana wakaao nje ya ukuta wakiuza nafasi, na hao wanachama wajihadhari nao.

Kwa upande wetu, tutaleta katika mkutano mkuu shauri la namna hii: kila tawi liwe na watu wawili wa kusoma karatasi za mwanachama atakaye kusafiri, miezi 6 kabla, herufi kwa herufi, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiangalia; na panapo tofauti irekebishwe pale ilipozaliwa kama yawezekana, hati ya kiapo iwe msaada wa pili. Tena kila karani ajazaye cheti amsomee mwenyewe, au mzazi, kabla ya kugonga muhuri. Wako watakaosema kwamba watu ni wengi na siku ni fupi. Twajua, kwa maana nasi tumekaa katika kiti hicho.

Mwenzetu amekwisha kuapa mbele ya wakili, na chuo kimemkubalia achelewe majuma sita, si zaidi. Miadi yake ni Jumanne ijayo. Jumatatu usiku atakuja kwetu na bahasha yake, tumsomee.