Tuione njia pamoja mbele ya kushindana



Mumekwisha kusoma tangazo lililobandikwa kwenye tablo karibu na ofisi ya Bwana Prefe. Tarehe 30 Aprili, siku ya mafundisho katika nchi yetu, tutakuwa tena na mbio za barabarani. Kilometa 8: kutoka mlango wa shule kushuka mpaka soko, kuvuka daraja, kupanda mpaka tanki ya maji, kuzunguka mgongo wa mlima na kurudi kwa njia ya mikaratasi. Tangu siku ile, ku interna hatuna habari ingine. Nani atashinda? Nani ana basketi mpya? Mwaka wa sita watakubali kweli kushindwa na mwaka wa tano? Lakini sijasikia hata mtu mmoja anayeuliza: Ile njia, inakuwa namna gani leo?

Mimi nataka kusema juu ya njia. Na mwishoni nitasema jambo ambalo rafiki zangu wawili hawakupenda niliandike.

Jumamosi iliyopita, sisi watatu wa mwaka wa tano tuliomba ruhusa, tukakimbia njia yote pole pole, asubuhi, mbele ya watu wengi kufika soko. Hatukukimbia kwa kushindana. Tulikimbia kwa kutazama. Tulikuwa tunasimama kila mahali pa mashaka, tunarudi nyuma, tunapita tena. Na ninawaambia ukweli: nilifikiri najua ile njia, kwa sababu naipita kila juma. Kumbe mtu anayetembea na mtu anayekimbia hawaoni njia moja.

Sikieni tuliyoyaona.

Kwanza, kule kushuka kutoka shule. Ni kutamu sana. Miguu inaenda yenyewe, na kila mmoja anataka kuwa wa mbele wakati wazazi wanatazama. Lakini kushuka kunaumiza mapaja kuliko kupanda, kwa sababu misuli inakaza na wakati ule ule inavutwa kuwa mirefu. Maumivu yenyewe yanakuja kesho yake na kesho kutwa, lakini nguvu inapungua palepale. Anayeruka kama mbuzi mpaka soko atafika chini ya mlima na miguu ya kuazima.

Pili, mlima wenyewe, toka daraja mpaka tanki. Watu wote wanasema: "Ni mlima mufupi tu." Tuliupima. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu ya kinga, tukapima mzunguko wake kwa kamba: metre 2 na sentimetre 15. Mmoja akasukuma, mimi nikahesabu. Gurudumu ilizunguka mara 420. Ni kusema metre 903. Karibu kilometa nzima ya kupanda, na hatari yake ni hii: ukifika kwenye kona ya pili unaona mti mkubwa, unadhani ni mwisho. Si mwisho hata kidogo. Nyuma ya mti bado iko robo ya mlima. Mwaka jana nilimaliza nguvu yangu yote pale ku mti, nikapitwa na watu kumi na mmoja.

Tatu, ile kona ya pili. Upande wa ndani udongo ni mrefu kama ukuta, huwezi kuona nani anakuja. Tulikuwa tunapanda, tumeshika upande wa ndani ili kufupisha njia, kama wakimbiaji wote wanavyofanya. Mara tukasikia sauti: "Toka mu njia! Toka mu njia!" Chukudu moja ilikuwa inashuka na magunia ya makala, na mwenyewe amekanyaga ule mpira wa nyuma kwa mguu wote, lakini udongo ulikuwa umelowana. Tulirukia mtaro. Yeye alipita, akasimama mbali sana kule chini, akatugeukia akiwa anatetemeka kuliko sisi. Akasema: "Bana ba masomo, muniurumie. Hii kitu haisimamake haraka." Hakuwa na kosa. Ile njia ni ya kazi yake. Chukudu yenye mamia ya kilo haiwezi kumsubiri mwanafunzi anayetafuta mupira wa zawadi.

Sasa fikirini: sisi tulikuwa watatu. Tarehe 30 tutakuwa zaidi ya mia, na Aprili ni mwezi wa mvua.

Nne, daraja. Na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Ubao wa tatu, ukitoka upande wa soko, umelegea. Ukikanyaga katikati unakaa. Ukikanyaga pembeni unainuka kama mdomo wa mamba. Mwaka jana ulikuwa vile vile. Mtakumbuka dada mmoja wa mwaka wa pili alianguka palepale. Alitembea na fimbo majuma matatu, akakosa interro mbili. Watu walisema: "Ni bahati mbaya." Mimi pia nilisema vile. Lakini mimi nilijua ule ubao. Kila Jumamosi ninavuka kwenda kufua nguo mtoni. Siku ya mbio niliuruka bila kufikiri, kama mtu anavyoinamisha kichwa kwenye mlango wa kwao. Sikumwambia mtu. Si kwa ubaya. Sikuona kwamba ni neno la kusema. Na wengi wanaokaa upande ule walijua kama mimi. Wasiojua walikuwa wale wa interna, wageni wa mwaka wa kwanza na wa pili, na wasichana ambao hawana ruhusa ya kushuka kila mara.

Kwa hiyo naona kwamba mbio zetu hazikuwa sawa. Wengine walishindana na wenzao. Wengine walishindana na wenzao pamoja na njia wasiyoijua.

Tulipomaliza Jumamosi ile, rafiki yangu mmoja aliniambia: "Nyamaza tu, weye. Juu ya nini uwaambie? Sisi tulitoka jasho, basi faida ni yetu. Wakitaka nao waende." Nililala na neno lile siku mbili. Ni neno lenye nguvu, kwa sababu kazi tulifanya kweli. Lakini nikauliza moyo wangu: kama mtu mwingine anaanguka tena kwenye ubao wa tatu, na mimi ninapokea zawadi, nitaishika kwa mikono gani?

Wako wanaosema kuona njia mbele ya siku ni sawa na kuona maswali mbele ya ekzamen. Nilisikia hata mtu mkubwa akisema hivyo. Mimi sikubali. Maswali ya ekzamen yamefichwa, na anayeyapata ameiba. Njia haikufichwa, imeandikwa kwenye tablo. Kuikimbia mbele ni kama kusoma kitabu chote mbele ya ekzamen, na hakuna mwalimu anayemwazibu mwanafunzi kwa kusoma kitabu. Ubaya ni pale kitabu kinapokuwa mkononi mwa wachache tu.

Wengine wanasema: "Tutachoka bure." Ndiyo, ukikimbia njia yote kwa nguvu siku mbili mbele, utachoka. Lakini ukiifanya siku kumi mbele, pole pole, na hata ukitembea kwenye kushuka, mwili unapata wakati wa kupona, na akili inabaki na picha ya njia.

Hata mabingwa wakubwa wanafanya hivyo. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za Olimpiki za Roma tarehe 10 Septemba 1960. Alikimbia bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na hakuna mtu aliyekuwa amekimbia marathoni haraka vile mbele yake. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata zahabu ya Olimpiki. Sisi tunapenda kusema habari ya miguu yake bila viatu. Lakini liko jambo lingine. Yeye na mwalimu wake, Onni Niskanen, walikuwa wameitazama njia mbele. Waliona kwamba karibu na mwisho watapita mnara wa mawe wa Axum, ambao jeshi la Italia liliutoa Ethiopia mwaka 1937. Wakapatana: pale ndipo utakapoongeza mwendo. Usiku ule, Rhadi ben Abdesselam wa Maroko alikuwa bado naye bega kwa bega karibu mpaka mwisho. Bikila akaongeza mwendo, akamwacha kwa sekunde 25. Miguu ilikuwa na nguvu, lakini macho yalijua mahali. (Ule mnara ulirudishwa kwao mwaka 2005, na ukasimamishwa tena Axum mwaka 2008.)

Na asiyejua njia, hata akiwa bingwa, anaweza kupotea mbele ya mlango. Tarehe 2 Desemba 2012, kule Burlada katika Uhispania, Abel Mutai wa Kenya, ambaye miezi michache mbele alipata medali ya shaba ku Olimpiki ya London, alikuwa anaongoza mbio za porini. Karibu metre kumi mbele ya mstari alisimama, akidhani amekwisha kumaliza. Nyuma yake alikuja kijana Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Hakumpita. Alibaki nyuma yake na kumwonyesha kwa mikono mahali pa mwisho, mpaka Mutai akavuka wa kwanza. Kijana yule alipata nafasi ya pili, na watu wa nchi nyingi wanamkumbuka kwa nafasi ile ya pili.

Kama yeye aliweza kumwonyesha mwenzake mstari katikati ya mbio, mimi nashindwa namna gani kuwaonyesha ubao mmoja siku kumi mbele?

Basi ninaomba mambo matatu, kwa heshima yote, kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wetu wa sporti.

La kwanza: Jumamosi moja, siku kumi ao zaidi mbele ya mbio, wote walioandikisha majina washuke pamoja, wavulana na wasichana, wa interna na wa mujini, waione njia yote. Wanaotaka wakimbie pole pole, wengine watembee.

La pili: tufanye salongo ku daraja. Misumari sita na nyundo moja vinatosha kwa ubao ule. Mwaka wa tano tuko tayari kuanza.

La tatu: kwenye kona ya pili wakae wanafunzi wawili na bendera, mmoja juu na mmoja chini. Na wajumbe waende mbele kuongea na wenye chukudu, wawaombe kwa adabu wasubiri nusu saa kule ku tanki. Tusiwafukuze. Wao wanatafuta chakula cha watoto, na wengine ni baba zetu wanaotulipia masomo kwa chukudu ile ile.

Na kama haya hayawezekani mwaka huu, basi angalau shikeni haya niliyoyaona kwa miguu yangu: shuka mpaka soko kwa kujizuia. Daraja, kanyaga katikati. Kona ya pili, shika upande wa nje, hata ukipoteza hatua tano. Ukiona mti mkubwa, usimalize nguvu; hesabu bado robo ya mlima. Njia ya mikaratasi inateleza ikinyesha, kwa sababu majani yamelala juu ya udongo. Ukiona paa la kanisa upande wa kushoto, imebaki metre 500 tu. Pale ndipo pa kuongeza mwendo. Pale ndipo mimi nitaongeza.

Sasa munajua yote ninayojua. Rafiki yangu amenuna, anasema nimegawa ushindi wetu bure kama karanga za msiba. Labda ni kweli. Lakini nikishinda, nataka nishinde watu wanaojua njia. Na nikishindwa, nishindwe na miguu iliyo bora kuliko yangu, siyo kwa sababu mtu mmoja amelala mtaroni akilia.

Anayeona vingine aandike katika namba inayokuja. Nitamsoma bila kukasirika. Tuonane ku mstari.

Mkimbiaji wa mwaka wa tano