Anayelinda Mau alipwe

Toleo hili linahusu msitu ambao wengi wetu hatujaukanyaga. Mau, katika nyanda za juu za Kenya, ni msitu wa mvua na baridi, wa mitarakwa na mianzi. Mito Nyangores na Amala huanzia humo, ikaungana kuwa Mto Mara, ambao husafiri karibu kilomita 400 hadi kupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Nyumbu wa Serengeti, mbuga inayopakana na wilaya yetu ya Bunda, huukimbilia kiangazi vijito vingine vinapokauka. Ardhi ya msitu hunywa mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo. Ikilimwa, mvua ileile huporomoka na tope lake, kisha mto hunywea. Kufikia mwaka 2009, robo hivi ya hekta 400,000 za Mau ilikwishapotea.

Dawa iliyozoeleka ni kufukuza watu. Kenya imefanya hivyo mara kadhaa, na wanaong'olewa kwanza huwa wanyonge. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitangaza kuumega msitu huo kwa zaidi ya hekta 60,000. Hakuna mfuga nyuki mwenye shoka la ukubwa huo. Waogiek, wanaotundika mizinga humo tangu enzi za mababu, walishinda kesi Mei 2017 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapa hapa Tanzania, jijini Arusha. Mahakama haikuona ushahidi kwamba wao ndio walioumaliza msitu. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Novemba 2023 waliondolewa tena. Asali hutaka miti iliyosimama. Mtu anayeishi kwa asali, akiwa na hati ya ardhi mkononi, ni mlinzi wa bei nafuu kuliko kikosi chochote.

Bei nafuu si bure, na hapo ndipo sisi wa chini ya mto tunapoingia. Sehemu ya ada za vibali vya maji na ya mapato ya utalii wa Serengeti ipelekwe juu kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu. Tutaambiwa kwamba mvuvi wa Musoma hawezi kulipia makosa ya Nairobi. Ni kweli, wala hatumtaji yeye. Tunamtaja mwenye hoteli na mwenye mgodi. Wengine watakumbusha kwamba Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa huku kwetu, na kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo, maelezo ambayo wengi hawakuyameza. Hilo si la Mau, tunakubali. Mita 60 za ukingo zinazolindwa na sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 ni zetu kuziheshimu, na atakayewadai Wakenya msitu lazima aoneshe ukingo wake. Lakini ukingo safi hauzalishi maji. Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kusimamia bonde la Mara mwaka 2015, na kila Septemba 15 huadhimisha Siku ya Mara kwa hotuba na miche. Septemba ijayo mawaziri waulizwe wametenga shilingi ngapi.