Koo la aliyepandikizwa figo lisipuuzwe

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Tangu hapo si ajabu kumkuta mtaani mtu anayeishi kwa figo aliyopewa na ndugu yake. Kwa kuwa anafanya kazi na kuhudhuria shughuli kama wengine, jamaa zake husahau kwamba angali katika dawa. Hivyo akilalamika kuwa koo linamuuma, huambiwa ni mafua tu, yatapita.

Huenda yakapita kweli. Hata hivyo, koo la mtu huyu halifanani na la wenziwe. Kinga ya mwili hupambana na kila kigeni, na figo ya ndugu nayo ni ngeni. Ili isikataliwe, mgonjwa humeza dawa za kupunguza kinga, kama takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Figo husalimika, lakini vijidudu ambavyo kwa mtu mwenye afya havifui dafu hupata mwanya.

Fangasi wa kandida hutanda utando mweupe mdomoni, na wakishuka hadi kwenye umio, kila tonge huwa mateso. Virusi vya hepesi huacha vidonda. Kifua kikuu nacho huweza kushika koo. Adimu zaidi ni fangasi aitwaye histoplasma, anayeishi katika udongo uliochanganyika na vinyesi vya popo na ndege, ambaye huingia mwilini kwa vumbi tunalovuta. Akishambulia koo, sauti hukwaruza kwa wiki kadhaa, na daktari akichungulia huweza kuona uvimbe unaofanana na saratani. Ndipo hulazimika kukata kipande kidogo cha nyama ya hapo ili kipimwe maabara.

Jambo la kutahadhari ni kwamba dawa hizohizo hufifisha dalili. Maradhi yanaweza kuwa makubwa ilhali homa ni ndogo au haipo kabisa. Kwa hiyo kutokuwa na homa kusiwe sababu ya kungoja.

Hatari nyingine iko duka la dawa. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli huongeza takrolimasi katika damu hata ikaweza kuidhuru figo. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, huipunguza, na mwili ukaweza kuikataa figo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo huweza kuiumiza. Daktari anaweza kulazimika kutumia baadhi ya dawa hizi, lakini yeye atapima damu na kurekebisha vipimo. Anayejinunulia dukani hana kinga hiyo.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, popote mgonjwa anapotibiwa, neno la kwanza liwe: "Nimepandikizwa figo." Aende na orodha ya dawa zake. Pili, koo likiuma zaidi ya siku mbili au tatu, sauti ikikauka bila kurejea, au utando mweupe ukionekana, awasiliane na kliniki yake ya figo. Tatu, akishindwa kumeza vidonge vyake au akitapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana kukosa dozi ni hatari kwa figo. Akishindwa kumeza mate au akipumua kwa mkoromo, asisubiriwe hata saa moja. Na kamwe asiache dawa za kinga kwa uamuzi wake, wala kwa ushauri wa jirani.

Aliyetoa figo alipasuliwa akiwa mzima ili nduguye aishi. Amana hiyo hulindwa na wote walio nyumbani, na ulinzi wenyewe ni kumsikiliza mgonjwa anaposema koo linamuuma.