Hesabu Yetu Haikuishia Tano

Kuna dhana iliyoota mizizi katika madarasa yetu kwamba Waswahili hawakuweza kuhesabu kupita tano hadi Waarabu walipowaletea sita, saba na tisa. Wanafunzi huiandika katika insha, na baadhi ya walimu huipitisha bila kuitia kalamu nyekundu. Dhana hiyo ni potovu.

Tuitazame nane. Neno hili ni la Kibantu, na asili yake ni nne iliyorudufishwa. Mkikuyu husema inya kwa nne na inyanya kwa nane. Vivyo hivyo, ithatũ ni tatu, nayo ithathatũ ni sita. Waswahili nao walikuwa na tandatu kwa sita, mfungate kwa saba na kenda kwa tisa. Isitoshe, kumi nalo ni la Kibantu. Je, mtu asiyeijua sita aliwezaje kuifikia nane, sembuse kumi?

Ushahidi mwingine uko pwani, machoni petu. Jina Mijikenda maana yake ni miji tisa. Hapo hapo Mombasa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili huitwa Thenashara Taifa, nayo yamegawanyika katika Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Kenda na tisa, majirani wa ukanda mmoja! Basi neno la Kiarabu halikuja kuziba pengo. Lilikalia kiti kilichokuwa na mwenyewe.

Biashara na elimu ya dini, bila shaka, ndizo zilizolikaribisha. Laki nayo ilitoka Bara Hindi, na milioni ikatoka Ulaya. Hata siku za juma zina mchanganyiko huo: Jumatano ni ya tano tangu Jumamosi, ilhali Alhamisi, kwa hesabu ya Kiarabu, ni ya tano tangu Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, wala sijasikia mtu aliyekosa soko kwa ajili hiyo.

Sisemi tuifukuze sita wala tisa. Ni maneno yetu sasa. Ninalowaomba walimu ni kwamba wanapofundisha nambari, wazitaje pia tandatu, mfungate na kenda, na waeleze zilivyopokonywa nafasi. Waanze na fungate, ambayo vijana wengi huidhania kuwa neno la maharusi tu. Mwanafunzi akiulizwa fungate ni siku ngapi, jibu limo ndani ya neno lenyewe.