Gemu la bure linaweza kumaliza salio lako

Mzazi mwenzangu, katika nyumba nyingi simu ni moja na watumiaji ni wengi. Asubuhi unalipia ada ya shule, jioni mtoto anaichukua acheze gemu. Ndiyo maana kila programu anayoipakua inakuhusu.

Wengi hudhani programu mbaya itajulikana kwa kuharibu simu. Mara nyingi sivyo. Gemu linachezeka, tochi inawaka, huku ndani yake maagizo mengine yakifanya kazi kimyakimya. Programu ya namna hiyo huitwa Trojani, kutokana na hadithi ya askari wa Kigiriki waliojificha ndani ya farasi wa mbao.

Agosti 2021, kampuni ya Kaspersky ilieleza kuwa imekuta Trojani iitwayo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, ile WhatsApp iliyofanyiwa marekebisho na watu wengine. Mtumiaji aliendelea kuchati. Kwa kuwa alikuwa ameiruhusu programu isome SMS zake, Trojani nayo ilipata njia ya kuzisoma, na iliweza kumwandikisha kwenye huduma za kulipia hata palipohitajika namba ya uthibitisho.

Fanya haya nyumbani:

1. Pakueni kutoka Play Store au App Store pekee. Faili la APK lililotumwa kwenye kundi, hata na shangazi, liacheni.

2. Hata huko dukani, kuweni macho. Kufikia Januari 2020 Google ilikuwa imezuia programu 1,700 za aina ya Joker, lakini nyingine zilipenya.

3. Soma ruhusa zinazoombwa. Gemu la kupaka rangi halina haja ya SMS zako.

4. Kama mtoto ana simu yake ya Android, Family Link ya Google hukuwezesha kuidhinisha programu kabla hajaipakua.

5. Salio likipungua bila sababu, futa programu mpya, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wasitishe huduma usizozijua, kisha badili namba za siri ukitumia simu nyingine.

La mwisho: mtoto akija kukuambia amebonyeza kitu asichokielewa, usimgombeze. Akiogopa kipigo, safari ijayo atanyamaza, na wewe utagundua fedha zikiwa zimekwisha kwenda.