Maji Ndani ya Motokaa

Mvua za masika zianzapo, mwenye motokaa huenda akafungua mlango asubuhi akakuta zulia la sakafuni limelowa chepechepe. Wengi huanika zulia juani, hulirudisha jioni, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe chini ya zulia mna kitambaa kinene kilichoyanywa maji. Hicho hakikauki kwa siku moja wala mbili, na bati lililo chini yake huliwa na kutu pasipo kuonekana. Katika magari ya siku hizi nyaya za umeme nazo hupita papo hapo.

Kwanza yatambuliwe maji yenyewe. Yakiwa na rangi, utelezi na harufu tamutamu, hayo si ya mvua. Yametoka katika mitambo ya kupashia gari joto, na injini inapungukiwa na maji yake.

Yakiwa ya mvua, taabu ni kwamba hayatokei pale yanapoingilia. Huingia penye pembe ya kioo cha mbele, yakafuata bati, yakatuama miguuni pa abiria wa nyuma. Basi haifai kupaka gundi kila mahali kwa kubahatisha. Gari likaushwe, mazulia yatolewe, mtu mmoja aketi ndani na tochi, na mwenzake amwagie maji nje kwa mpira, akianzia chini na kupanda juu pole pole. Akianza juu maji yataenea kote, na mahali penyewe hapatajulikana.

Mara nyingi sababu ni takataka tu. Gari linalolazwa chini ya mti huziba kwa majani ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Maji hujaa, kisha humwagika ndani kwa njia ya hewa. Kuyazoa majani hayo hakugharimu hata senti moja.

Tena kuna matundu madogo chini ya milango. Mvua inyeshapo maji hupita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango. Ndivyo ulivyoundwa, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutokea. Wako wanaoyaziba kwa lami wakidhani ndiyo yaletayo maji! Mlango wa namna hiyo hugeuka pipa. Yazibuliwe kwa waya mwembamba, bila kukwaruza rangi.

Mpira uliopasuka ubadilishwe. Kioo cha mbele kilichoachana na gundi yake apewe fundi wa vioo. Zulia lisirudishwe mpaka kitambaa cha chini kimekauka kabisa, hata kikichukua juma zima, na kutu iwe imesuguliwa na kupakwa rangi.